Daftari la Sentensi za Kweli

Mwalimu wetu wa Kiingereza wa kidato cha kwanza alikuwa na sharti moja ambalo mpaka leo linanitia hasira. Kila siku aliandika maneno matano mapya ubaoni, na kila neno tulitakiwa kulitungia sentensi nyumbani. Sentensi yenyewe iwe ya kweli. Hakutaka zile za kitabuni, za watu wanaokunywa chai bustanini. "Andika kilichotokea kwenu," alisema. "Neno ukilifunga kwenye jambo la kweli, halikutoki kichwani." Kwa hilo alisema kweli. Hayajanitoka.

Tuliishi Buswelu, mimi, mama na baba. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki kule Nyakato, ndani ya chumba cha baridi, akikata minofu ya sangara. Kila Jumamosi kazi yangu ilikuwa kuosha mabuti yake meupe ya kiwandani. Jumamosi moja niliingiza mkono ndani ya buti la kushoto, nikatoa leso iliyokunjwa vizuri, imeganda damu. Kikohozi chake tulikuwa tumekizoea. Sote tulisema ni ile baridi ya kazini. Damu sikuwa nimewahi kuiona.

Nilipoinua uso, baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama yako asijue," alisema. "Atanipeleka hospitali kwa nguvu, na hospitali wakiandika kwenye karatasi, kiwandani sirudi. Anayekohoa hashiki samaki wa watu. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

"Apa."

Nikaapa. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na baba akisema, amesema.

Jumatatu neno la kwanza ubaoni lilikuwa conceal, yaani kuficha. Nilikaa na daftari muda mrefu. Kisha nikaandika, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, kwamba baba yangu anaficha leso yenye damu ndani ya buti. Sikuona kama nimevunja kiapo. Baba na mama wote waliishia darasa la saba, Kiingereza hawakukijua. Nilijiambia mwalimu atasoma, ataniita pembeni, ataniuliza, na jambo litatoka bila mimi kufungua mdomo.

Daftari likarudi na tiki nyekundu.

Nikazidisha. Kwa neno la kudhoofika niliandika kwamba suruali ya baba sasa inafungwa kwa kamba. Kwa neno la kuziba niliandika kwamba akikohoa chooni anajiziba mdomo kwa taulo. Kwa neno la kuogopa niliandika tu kwamba naogopa. Tiki, tiki, tiki. Mara moja mwalimu aliandika chini, kwa kalamu ile ile nyekundu, kwamba ni vizuri sana. Darasa letu lilijaa mpaka wengine walikaa sakafuni. Sasa najua hakuwa anasoma, alikuwa anapitisha kalamu tu. Wakati ule nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Lakini si mwalimu anayenikosesha raha. Baba alikuwa na desturi ya kukagua madaftari yangu akirudi kazini, kabla hata ya kunawa. Maneno hakuyaelewa, alikagua tiki. Alikaa kwenye stuli, akaweka kidole kwenye mstari na kushuka nacho taratibu, midomo ikichezacheza kama anasoma. Jioni moja kidole kilisimama juu ya ile sentensi ya leso.

"Hii umepata?"

"Nimepata, baba."

"Zote umepata." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Basi sikati samaki bure."

Mama alikuwa hapo nje, hatua chache tu, anachagua mchele. Ilihitajika sentensi moja ya Kiswahili, ya maneno matatu: baba anatema damu. Sikuisema.

Siku baba alipoanguka kazini wenzake walimpeleka hospitali, nasi tukafuata. Daktari alimwambia mama kwamba ni kifua kikuu, kwamba dawa zake hutolewa bure, na kwamba tumechelewa sana. "Mmekaa na damu hii muda gani?" aliuliza. Mama akasema hajaona damu yoyote. Mimi niliangalia sakafu. Baba alifariki wiki hiyo hiyo.

Siku ya tatu ya msiba, ndugu wakiwa wamejaa uani, mama alitoa lile daftari kabatini. Akawaeleza wajomba zangu jinsi marehemu alivyokuwa akilikagua. Kisha akanigeukia.

"Tusomee, mwanangu. Baba yako alipenda kukuona unasoma Kizungu."

Nikasimama, nikasoma. Leso, kamba, taulo, yote, kwa sauti, mbele ya watu waliotikisa vichwa kwa heshima. Mjomba mmoja alipiga makofi. Mama alilia, na nilipomaliza akaniuliza inasema nini. Nikamjibu inasema baba alikuwa mtu mwema.

Daftari bado analo, kwenye begi moja na cheti chake cha ndoa. Hajawahi kuniuliza tena. Kiingereza siku hizi nakijua vizuri, na haya yote ningeweza kuyaandika kwa Kiingereza nikatulia. Nimeyaandika kwa Kiswahili kwa sababu mama anakisoma. Jumamosi nitashuka stendi ya Buzuruga, niende nyumbani, nimpe karatasi hizi mkononi. Nitakaa mbele yake mpaka amalize.