Mwani Usiokung'utwa

Mwandiko wangu utawachosha, na maneno mengine nimeyaandika ninavyoyasikia. Mniwie radhi, shule niliishia darasa la nane. Umri wangu bado mdogo, lakini masikio yamekataa kupiga mbizi, kwa hiyo kazi hii ya kuchukua sampuli za mwani nimeiacha. Nawaandikia ninyi mnaokuja Maskati kuifanya.

Siku ya kwanza Mkuu wa Maabara, mama Mwomani wa familia ya Unguja, alinipeleka ufuoni Azaiba.

“Juu ya mwani wanaouona watu,” alisema, “vinaishi vijimwani usivyoviona. Baadhi vina sumu. Vyengine vikizidi, waogeleaji wanakohoa na kubanwa kifua. Basi usiuvute mwani! Uvishe mfuko humohumo majini, taratibu, kisha ukate shina.”

Maabara tuliutikisa mfuko kwa nguvu ili vijimwani viachie. Maji tuliyachuja kuondoa mchanga, tukahesabu kwa hadubini, kisha mwani wenyewe tukaupima kwenye mizani. Idadi hugawanywa kwa uzito, maana fungu kubwa hubeba vingi kuliko dogo.

Baadaye akaja Dada Mwanasha, mkulima wa mwani kutoka Kwale. Alikuwa bado kwenye majaribio shule moja ilipoomba kuleta watoto kuogelea Azaiba. Sampuli alizochukua zilikuwa karibu hazina vijimwani. Mkuu akafurahi, akaenda ofisini kuipigia shule simu iwalete.

“Dada, mwani uliutiaje mfukoni?” nilimuuliza.

“Niliukung'uta kwanza. Kwetu ukipeleka mwani mchafu, mnunuzi anakurudishia na matusi juu. Mbona umekauka kama samaki wa ng'onda?”

“Ulichokikung'uta ndicho tunachokihesabu.”

Alikaa chini. Watoto wake walikuwa wakisomeshwa kwa mshahara wa kazi hii. “Watanirudisha nyumbani,” alisema. Kisha akasimama. “Twende. Lakini useme wewe, mimi nitalia.”

Mimi ambaye hata salamu huzitoa kwa shida! Nilifungua mlango. “Mkuu, usipige hiyo simu.”

Nikamweleza. Alisikiliza, akamgeukia Mwanasha. “Nani kakufundisha kukung'uta?”

“Mama yangu.”

“Kakufundisha vizuri, ila kwa kazi nyengine. Chukueni mifuko, nnakuja nanyi.”

Sampuli za pili zilijaa vijimwani. Watoto hawakuogelea, na Mwanasha hakufukuzwa. Tangu hapo Mkuu humuuliza kila mfanyakazi mgeni mwani huvunwaje kwao, kabla hajamwonyesha mfuko.

Sasa nikiwa nje ya kazi, naona swali hilo lina faida zaidi kuliko vyombo vingi. Niandikieni: kwenu mkitoa kitu baharini, mikono huanza kufanya nini? Majibu nitampelekea Dada Mwanasha. Ndiye anayewafundisha wageni.