Mahitaji ya Wacheza Karata wa Utemini

Nilimwahidi mama mdogo kwamba alizeti itakapokuwa tayari kuvunwa, mume wake atakuwa shambani pamoja naye, wala si juu ya stuli mbele ya mashine ya karata. Niliitoa ahadi hiyo nikiwa nimesimama, mkono mmoja kifuani, kwa sauti niliyojifunza chuoni tulipokuwa tukifanya mazoezi ya kuhutubia mikutano ya vijiji. Mama mdogo alikuwa anapepeta mtama. Hakuusimamisha ungo.

"Ahadi ya msomi nitaiweka wapi, mwanangu?" aliuliza. "Kabati lenyewe limejaa."

"Hii si ya kuweka, mama. Ni ya kutekeleza."

"Haya. Ila alizeti ikishakauka haimngoji mtu."

Baba mdogo ndiye aliyenisomesha. Kwa miaka mingi alifanya kazi reli, katika stesheni ya Manyoni, akivuta vyuma vinavyoelekeza treni ipite njia ipi na ipi ingoje. Mageuzi ya uchumi yalipokuja, yeye na wenzake walipunguzwa kazini, akarudi Singida na sanduku moja na saa ya ukutani. Mimi nami nilikuwa nimemaliza chuo cha maendeleo ya jamii, nakaa kwake nikingoja barua ya ajira, ambayo nayo ilikuwa imekumbwa na mageuzi yaleyale. Nyumba yetu ilikuwa na wanaume wawili waliokuwa na muda wa kutosha. Mmoja aliutumia kwenye mashine, na mwingine aliutumia kumrekebisha yule wa kwanza.

Mashine yenyewe ililetwa na mwenye grosari moja ya Utemini, mitaa michache kutoka kwetu. Ulikuwa wakati wa soko huria, kila lori lilishusha kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiomba, na siku moja lori lilishusha hiki. Ilikuwa kabati refu la bati lenye kioo kama cha televisheni. Ukitumbukiza sarafu, kioo hukuonyesha karata tano. Unachagua zipi uzishike na zipi uzitupe, unabonyeza kitufe, na mashine inakujazia nafasi za ulizotupa. Zikikaa vizuri, sarafu hushuka kwenye kibakuli kwa kishindo. Zisipokaa vizuri, hakuna kishindo. Katika muda wote niliokaa pale, nilizoea zaidi ule ukimya.

Chuoni tulifundishwa kwamba kosa la wataalamu waliotutangulia lilikuwa kuwapelekea watu majibu bila kuwauliza maswali. Mtaalamu wa kisasa huanza na tathmini ya mahitaji. Huwakalisha walengwa, huwauliza wanataka nini, huandika kila jambo, kisha walengwa wenyewe hupanga mahitaji yao kwa kura za mbegu. Niliamini mbinu hiyo kwa moyo wote, na bado naiamini. Niliona kwamba nikiwauliza wacheza karata wanataka nini hasa, watajibu kuwa wanataka kushinda. Nami ningewathibitishia kwa hesabu rahisi kwamba hicho ndicho kitu pekee ambacho mashine haikuletwa Utemini kukitoa. Wangenyanyuka mmoja mmoja na kwenda makwao.

Nilifika saa tisa alasiri na karatasi kubwa ya bango, kalamu ya wino mzito, na mbegu za alizeti kwenye mfuko wa shati. Walikuwepo watu sita, na baba mdogo ndiye aliyekuwa kwenye stuli.

"Shikamooni."

"Marahaba," waliitikia. Baba mdogo hakugeuka. "Marahaba, mwanangu. Ngoja nimalize hii."

Tulingoja. Aliziangalia zile karata tano kwa muda ambao mtu angeweza kumenya muwa mzima. Kisha akamshika mfalme wa kopa peke yake, akatupa nne, akapata nne nyingine zisizo na maana, akakubali kwa kichwa kama mtu aliyepokea taarifa rasmi.

Mzee mmoja kutoka Rungwa, aliyekuwa akija mjini na madumu ya asali na kurudi kwao madumu yakiwa matupu na mifuko pia, alinitazama juu hadi chini.

"Msomi, umetumwa na wake zetu au na serikali?"

"Sijatumwa, mzee. Nimekuja kusikiliza."

"Basi umeishinda hii mashine. Yenyewe haina hata sikio moja."

Nilibandika bango ukutani na kuuliza swali langu: ninyi kama wachezaji, mnataka nini hapa? Nilikuwa tayari na kalamu kwenye neno la kwanza, na nakiri kwamba nilikwisha kuandika herufi K.

"Stuli isiyoyumba," alisema mzee wa asali.

Nilimwomba afikirie kwa upana zaidi. Alifikiri, akasema stuli yenye mahali pa kuegemea mgongo. Mwingine akataka pazia, kwa sababu jua la alasiri hupiga kioo na shupaza huonekana kama pau. Mwingine akataka ile orodha ya malipo, iliyobandikwa kwa Kiingereza juu ya mashine, iandikwe kwa Kiswahili, na isibadilishwe bila taarifa. Wote kwa sauti moja walitaka mhudumu wa kaunta akome kusimama nyuma ya mtu na kusema, "Ungeshika ile."

"Na kushinda?" niliuliza hatimaye.

Walitazamana. "Hilo nalo andika," mzee wa asali aliniambia kwa upole, kama mtu anayemridhisha mgeni. "Lisikose."

Baba mdogo alikuwa wa mwisho kusema, na alisema bila kugeuka. Mwenye grosari alikuwa na kawaida ya kuchomoa waya wa mashine ili achomeke redio watu wasikilize matangazo ya vifo, naye alichomoa hata kama mtu alikuwa ameshalipa na karata zake ziko kwenye kioo.

"Asiizime mashine," alisema, "mtu akiwa bado anafikiri."

Nilibandua bango nikalitandaza sakafuni, tukapiga kura kwa mbegu, kila mtu akiweka zake juu ya hitaji alilolitaka zaidi. Mzee wa asali alitafuna kura zake mbili kabla ya kuzipiga, nikampa nyingine. Hitaji la baba mdogo likawa la kwanza na stuli ikafuata. Kushinda kukawa kwa mwisho, na mbegu moja. Nadhani ilidondoka.

Mtu mwenye akili nyepesi angekunja bango lake na kuondoka. Mimi nilikuwa na elimu. Niliketi usiku mmoja na mchana mmoja nikaona njia: nitawaandikia barua ya madai kwa mwenye grosari, yeye atakataa, nao watatambua kwamba mtu huyu hawajali hata kwa stuli. Hasira hiyo ya haki itawarudisha majumbani. Niliandika barua nzuri. Ilikuwa na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, ilikuwa na "tajwa hapo juu", na baba mdogo aliisaini kama mwenyekiti, kwa sababu kikundi chochote cha watu sita katika nchi yetu kikiandika barua lazima kiwe na mwenyekiti. Katibu nilikuwa mimi.

Mwenye grosari aliisoma akiwa amesimama, kidole kikipita chini ya kila mstari.

"Haya tu?"

"Haya tu."

"Hawakuomba mashine iongeze kutoa?"

Niliitazama ile barua, ingawa niliijua kwa moyo. Hitaji la kushinda nilikuwa nimelifuta mwenyewe, kwa kuwa kura moja haikufikia kiwango.

"Hawakuomba," nilisema.

Aliikunja barua kwa uangalifu na kuiweka mfuko wa ndani. "Kijana, wewe ni mtaalamu," aliniambia. "Na wateja wa jikoni nao njoo uwaulize."

Baada ya kumaliza chuo nimeandikia ofisi nyingi kuhusu visima, madawati na dawa za mifugo. Hakuna iliyotekeleza mapendekezo yangu kwa kasi ya grosari ile. Kabla wiki haijaisha stuli ilikuwa na mgongo na mto wa sponji, pazia lilikuwa dirishani, redio ilikuwa na soketi yake, na orodha ya malipo ilikuwa ukutani kwa Kiswahili fasaha, kwa sababu niliitafsiri mimi. Mhudumu alipigwa marufuku kushauri, na zaidi ya hapo aliagizwa kuwaamkia wachezaji wote shikamoo. Baba mdogo, aliyekuwa akienda saa tisa, akaanza kwenda saa nne asubuhi. Kulikuwa na mambo ya uenyekiti.

Mama mdogo alikwenda kujionea mwenyewe. Alisimama mlangoni mwa grosari, hakuingia, akarudi nyumbani kwa mwendo wake uleule wa kawaida. Alinikuta uani.

"Uliniahidi utamtoa," alisema. "Wewe umemwekea mto."

Alizeti ilipokauka niliivuna mimi. Nilikata vichwa, nikavipigapiga kwa fimbo kwenye turubai, viganja vikatoka malengelenge, na nilihesabu kila lengelenge kuwa sehemu ya masomo yangu. Mama mdogo alifanya kazi mara mbili ya yangu. Siku ya tatu, tulipokaa kunywa uji, aliniuliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Kwenye lile karatasi lako, yeye aliomba nini?"

Nilimwambia: asizimiwe mashine akiwa bado anafikiri.

Alikaa na kikombe mkononi hadi uji ukafanya ngozi juu. "Tangu arudi kutoka Manyoni," alisema, "kila kitu nimeamua mimi. Mbuzi wa kuuza, mbegu, fundi wa paa. Akifungua mdomo nimeshamaliza. Niliona amechoka, nikasema nimpumzishe."

Nami nikakumbuka kwamba hata barua ya kumpunguza kazini aliipokea ikiwa imeshapigwa muhuri. Nilikuwa nimelijua jambo hilo siku zote. Sikuwa nimeliweka kwenye tathmini kwa kuwa halikutajwa na mlengwa.

"Nenda ukamwambie," mama mdogo alisema, "sijui la kupanda shamba la bondeni mwaka huu."

"Lakini unajua, mama."

"Najua. Nenda ukamwambie sijui."

Nilikwenda. Alikuwa na karata tano kwenye kioo, amezilipia, na tatu kati ya hizo zilikuwa nzuri hata kwa macho yangu. Nilimweleza la shamba la bondeni.

"Ameuliza yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, baba."

Alishuka kwenye stuli na kuziacha zile karata pale zilipo. Nyuma yetu nilimsikia mzee wa asali akiuliza kama kiti cha mwenyekiti sasa kiko wazi. Baba mdogo alikwenda hadi bondeni bila kupitia nyumbani, nami nyuma yake. Alitembea ukingo mzima wa shamba, akachukua udongo, akauvunja kwa vidole, akautupa, akachukua mwingine mbali kidogo. Mama mdogo alikuja akasimama kando yangu. Mara mbili nilimwona akifungua mdomo, na mara mbili akaufunga, na sijapata kuona kazi ngumu kuliko hiyo ikifanywa na mtu aliyesimama.

"Mtama," baba mdogo alisema mwishowe. "Alizeti ihamie shamba la juu."

Mama mdogo alikuwa amekusudia kinyume chake. "Sawa," alisema.

Kesho yake baba mdogo alirudi kwenye mashine, lakini alipitia kwanza bondeni na jembe, akafika grosari saa nane. Tangu hapo tumekuwa tukimwuliza. Tulimwuliza kuhusu mbuzi, kisha paa, kisha mlango wa zizi uelekee wapi. Kila alipoulizwa, alikaa nyumbani hadi ajibu, na majibu yake yalikuwa ya mtu aliyefikiri. Tatizo ni kwamba nyumba moja yenye mashamba mawili haina maswali ya kweli ya kutosha kila siku, na swali la kubuni analitambua kabla hujalimaliza. Mashine ina swali jipya kila akitumbukiza sarafu. Ahadi yangu bado haijatimia.

Kwa hiyo naomba msaada wako. Kama unakaa Utemini au unapita huko, na una jambo lolote hujaliamua, hata kama ni dogo, mfuate yule mzee mrefu aliyekaa kwenye stuli yenye mto. Mwamkie, mwulize, kisha umngoje amalize kufikiri.