Nilivyowapeleka Mitume Kuvua Bahari ya Chumvi

Bora niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa mtaa wetu wa Kisugu: yule mwalimu aliyewapeleka mitume kuvua samaki katika Bahari ya Chumvi, ambayo haina hata dagaa mmoja, ni mimi. Mpaka leo nikisimulia masikio yanapata moto.

Chanzo ni uvivu. Kikundi chetu cha kujifunza Biblia hukutana Jumamosi mchana, na tunatumia Kiswahili kwa sababu nusu yetu ni familia za askari kutoka kaskazini mwa nchi na wengine ni Wakongo, na siku hiyo zamu ya kufundisha ilikuwa yangu, tena nyumbani kwa Mzee Ochan, sajenti mstaafu, baba yake Apiyo. (Apiyo ndiye ninayetaka kumwoa. Mzee alikuwa amemwambia kwamba kabla hajapokea posa yetu, atanisikiliza kwanza nikifundisha.) Mtu mwenye akili zake angejiandaa wiki nzima. Mimi nilifungua maktaba ya Biblia kwenye simu nikiwa nakunywa chai, nikaandika “bahari”, nikachagua picha iliyopendeza macho na ramani iliyokuwa karibu nayo, nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Nikaunganisha simu na televisheni ya Mzee, picha ikajaa kioo, maji ya buluu na milima kwa nyuma, watu wakaguna kwa kupendezwa, nami kichwa kikavimba. Nikasema hapa ndipo mitume walipotupa nyavu zikajaa mpaka zikakaribia kupasuka, nikaonyesha kwa kidole hata mahali walipoegesha mashua (nani alinituma?). Mama Faida, Mkongo anayeuza samaki sokoni, akauliza kwa nia njema kabisa, “Mwalimu, hapo walikuwa nashika samaki ya namna gani?”

Ningeweza kukiri kwamba hilo sikulisoma. Nikasema ngege, yaani sato, ngege wakubwa, na mputa kidogo, wale sangara, kama wa ziwa letu.

Mzee Ochan akavaa miwani. “Kijana, chini ya hizi picha huwa iko maneno. Soma.”

Ukikuza picha maelezo yake hujificha, ikabidi nirudi nyuma, nikasoma, na sauti ikawa inapungua kadiri nilivyosoma: hii ni Bahari ya Chumvi, na samaki hawezi kuishi ndani yake. Apiyo alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, akanitazama kwa macho ya kunisihi ninyamaze. Nami badala ya kuomba radhi nikasema, “Ndiyo, na huo ndio muujiza wenyewe.”

Wakapiga makofi. Mama Faida akasimama akashukuru kwa machozi, na mimi, Mungu anisamehe, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

“Sasa ramani,” akasema Mzee. “Punguza. Punguza tena.” (Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba jeshini kazi yake ilikuwa kufundisha makuruta kusoma ramani.) Nikapunguza mpaka nchi nzima ikaonekana, na juu huko, mbali, likatokea Ziwa la Galilaya. Akainuka, akaweka kidole kwenye kioo. “Hii watu nyumba yao iko hapa. Wewe unasema wanavua huku chini. Wanatembea siku ngapi na nyavu kwa bega?”

Nikasema labda waliondoka mapema sana. Hapo hata Mama Faida akakaa chini.

Mzee hakunifokea, na afadhali angenifokea. “Kupotea si kitu. Mimi nilipoteza watu yangu siku mbili ndani ya msitu, nikawaambia tumepotea, tukarudi wote. Lakini wewe, watu wanakuonyesha umepotea, unaendelea kuongoza. Mtoto yangu atatembea nyuma yako namna gani?”

Nikachomoa simu yangu kwenye televisheni, nikaaga. Apiyo alinisindikiza mpaka getini, akauliza polepole, “Siku tukikosea njia na watoto, utasema?” Nikaapa kwamba nitasema. Akanijibu kwamba sawa, amesikia, lakini baba yake ataendelea kusikiliza.

Posa imesogezwa mbele, mpaka lini hakuna aliyeniambia. Kila Jumamosi kwa Mzee, mwenzangu akifundisha, mimi naketi karibu na ile televisheni, nasoma maelezo yaliyo chini ya picha, hayo tu, neno kwa neno, bila kuongeza la kwangu.