Mzee Aliyebisha Hodi Ukutani

Mtakataa, najua. Mtasema, mbwa naye ana kisa gani zaidi ya mifupa? Haya, kataeni. Lakini mambo haya niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, nina akili zangu timamu, na sikuwa nimelamba machicha ya pombe ya mtu yeyote. Anayebisha aje Mbuba, apande kilima, nitamwonyesha ukuta wenyewe. Jina langu sitalitaja. Nilipewa kwa ajili ya kumsema jirani, na jirani bado yuko hai, bado amenuna.

Aliyenipa jina hilo ni Mzee Bukuru, ndiye aliyenilea. Nyumba yake ilikuwa huku juu kilimani: miti, udongo, nyasi, na mlango uliotazama migomba. Asubuhi akifungua, kitu cha kwanza alichokiona ni ndizi zake, cha pili ni mimi. Hatukuwa na shida na mtu. Ndipo ikaja Operesheni, watu wote washuke wakaishi pamoja kando ya barabara, nyumba zipangwe mstari mmoja. Lori likaja. Likabeba vyungu, likabeba kuku, likambeba na Mzee mwenyewe, amekaa juu ya kinu chake anatazama alikotoka. Mimi hawakunipakia. Nilifuata lori mbio mpaka ulimi ukawa unafagia vumbi.

Huko chini Mzee hakuzoea hata kidogo. Kila jioni alikaa mlangoni, anatazama kilima, anasema, "Nitarudi kwangu." Vita vya Kagera vilianza, anasema hivyo hivyo. Vita vilipokwisha, naye akawa amekwisha. Wakamzika huko huko bondeni, nyuma ya nyumba ya mstarini. Nililala kaburini kwa muda, halafu njaa ikanishinda nikapanda kilimani, nikawa naishi peke yangu katika gofu letu, nawinda panya wa darini. Utanilaumu? Mbwa hali huzuni.

Ndipo akaja Teofili. Huyu ni mtoto wa Mzee, karani wa ofisi moja kubwa huko Bukoba, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Alikuja na mkewe, Mama Deo, na fundi mmoja Msukuma aliyehamia kijiji cha Bisibo, jina lake Mayunga. Akasimama mbele ya gofu, mikono kiunoni, akasema anataka kuligeuza nyumba ya likizo. Bati juu, saruji chini, vioo madirishani, Krismasi aje apumzike na wenzake wa ofisini. Apumzike! Mtu anayekaa kitini mwaka mzima, anapumzika kutokana na nini? Lakini mimi ni nani hata niulize.

Niwaambie ukarabati ni kitu gani machoni pa mbwa. Ni watu kuchukua mahali penye harufu nzuri na kupaondolea harufu. Walishusha nyasi, na panya wangu wote wakatawanyika, akiba yangu ya miezi. Wakamwaga saruji sakafuni, nikapita kuikagua, nikarushiwa mwiko. Chokaa niliionja mara moja tu, na nawashauri mniamini msijaribu. Heri yangu ilikuwa moja. Miaka ile sabuni haikuonekana dukani, Mama Deo mwenyewe alifulia majani ya mpapai, kwa hiyo hakuna aliyepata wazo la kuniogesha.

Balaa lilianzia kwenye mlango.

"Nyumba ya kisasa hutazama barabara," Teofili alisema. Ule mlango wa migombani uzibwe, utobolewe mwingine upande wa barabara, ili wenzake wakija na gari waione nyumba usoni.

Mama Deo aliacha kupepeta. "Baba Deo, umemwambia mzee?"

"Mzee si amekufa?"

"Ndiyo maana nauliza."

Kwetu nyumba ya marehemu haiguswi hivi hivi tu. Unapika kwanza pombe ya ndizi, unamwaga kidogo kizingitini, unamwambia mwenyewe: baba, nataka kufanya hili na hili, usishtuke. Haichukui hata nusu saa. Teofili akacheka. Akasema yeye ni Mkristo, tena likizo yake ni fupi. Mayunga akatoboa mlango mpya, akapanga matofali, akaziba ule wa zamani, akapiga lipu juu yake.

Jioni ile ile jua lilikuwa linakaa juu ya kilima cha pili, nami nimejilaza nje ya ule mlango uliozibwa, kwa mazoea tu. Ikaja kwanza harufu. Tumbaku ya kiko, halafu udongo mbichi. Manyoya ya mgongo yakasimama yenyewe. Nikainua kichwa, na nani yule anatoka kwenye migomba? Mzee Bukuru! Na fimbo yake, na ile shuka waliyomzikia, anatembea lakini majani makavu chini ya miguu yake hayalii. Msinione shujaa. Nilijikojolea. Mbwa akijikojolea hakuna anayestaajabu, lakini mimi mwenyewe nilijua kwamba ule haukuwa mkojo wa kawaida.

Akafika ukutani. "Hodi," akasema.

Akatega sikio.

"Hodi humu ndani!" Akagonga kwa fimbo, na lipu ya Mayunga ikamomonyoka. Akazunguka nyumba yote. Akaupita mlango mpya, umefunguliwa wazi na taa inawaka ndani, wala hakuuona. Jamani, wafu hawajui njia mpya. Wanaijua ile waliyoizoea wakiwa hai, basi. Akarudi pale pale, akanitazama kwa uchovu wa mtu aliyepanda kilima kirefu. "Wewe, mlango wangu uko wapi?"

Mbwa atajibu nini? Nilibweka. Nilibweka mpaka sauti ikakauka, nakwaruza ukuta kwa kucha, nataka walio ndani watoke waone. Teofili alitoka na tochi, akamulika ukuta, akaniita mpumbavu, akarudi kulala. Mzee akasubiri kidogo, akateremka zake.

Kesho yake jioni akaja tena, na keshokutwa, na siku zilizofuata. Mayunga kila asubuhi anakuta lipu iko chini. Sasa tuseme ukweli, lipu ile ilikuwa mchanga uliosalimiana na saruji kwa mbali, ingeanguka hata kwa chafya. Lakini fundi aliyeharibu hutafuta wa kumsingizia, na mimi nilikuwa karibu. "Mbwa huyu anabomoa ukuta," akamwambia Teofili. "Anabwekea hewa. Ana kichaa." Akaja kunipiga teke, nikajitetea, nikabaki na kipande cha suruali mdomoni. Suruali tu! Nyama sikugusa. Hata hivyo habari ilipofika barabarani ilikuwa imenenepa: mbwa wa kilimani kamng'ata fundi, udenda unamtoka. Na mbwa wa kichaa kijijini dawa yake ni moja. Wakamtuma mtu amwite mgambo.

Mama Deo peke yake ndiye aliyenitetea. "Mbwa huona tusiyoyaona," alimwambia mumewe. "Nawe usimwache akusogelee usoni. Matongotongo yake yakikuingia machoni, utayaona na wewe." Teofili akamwambia hayo ni mambo ya zamani.

Mtaniuliza, kwa nini hukukimbia? Msitu ulikuwa karibu, na miguu ninayo minne. Nilifikiria, sikatai. Lakini nilijua Mzee atapanda jioni, atabisha hodi, na nikiondoka hakuna kiumbe kitakachomwitikia. Aliyeondolewa kwake na lori akarudi kwa miguu, akute hata mbwa hayupo? Sikuweza. Asubuhi wakanifunga kwa kamba ya katani pale pale kwenye ule ukuta, nami nikakubali.

Mgambo Zakaria alitakiwa afike mchana. Akafika jua linazama, kwa sababu alikuwa ametoka vitani Uganda, na kila nyumba aliyopita ilimbidi aisimulie vita upya. Alipofika akaanza tena. Ameshaikoki bunduki, na bado anamweleza Teofili jinsi walivyovuka mto. Kisha nikasikia harufu ya tumbaku.

"Hodi," Mzee alisema nyuma yao, akawapita mpaka ukutani.

Nikabweka.

"Mnaona?" Mayunga akaruka. "Mnaona? Anabwekea nini pale? Piga, Afande!"

"Mfupishie kamba asicheze," mgambo akamwambia Teofili, akainua bunduki.

Teofili akainama kushika kamba. Nikamrukia kifuani. Sikuwa na hila yoyote, naapa, nilikuwa naomba roho yangu kama mbwa yeyote anavyoomba. Nilimlamba, nikamsugua uso kwa uso wangu, mashavu, pua, macho, na matongotongo yangu ya siku zote zile nisizolala yakabaki kwake.

"Baba Deo, yamekuingia!" Mama Deo alipiga kelele.

Teofili akayafuta kwa mkono wa shati, yaani akayapaka vizuri zaidi. Akapepesa, akafumbua macho. Nikamwona anakauka pale aliposimama. Akajitengeneza shati, akainamisha kichwa mbele ya ukuta mtupu.

"Shikamoo, baba."

Mgambo akashusha bunduki polepole. Akanitazama mimi, akamtazama Teofili. "Samahani, Bwana Karani. Sasa nimpige yupi?"

Mayunga alikuwa ameshateremka kilima, ameacha mwiko, ameacha na pimamaji, ambayo hata hivyo hakuwa akiitumia.

"Marahaba," Mzee alisema. "Kumbe watu mmo. Nimebisha hodi mpaka mkono umechoka."

"Baba, mimi nilitaka nyumba iwe ya kisasa."

"Serikali ilinipakia kwenye lori, nikanyamaza. Nikajisemea moyoni, si kitu, nitarudi kwangu. Nimekufa kwa maneno hayo hayo. Nimerudi, Teofili, na aliyeniziba mlango ni wewe."

Lo! Nimeshuhudia watu wakilia msibani, lakini sijaona mtu akilia kama karani yule. Aliokota nyundo ya Mayunga na kuushambulia ukuta, kalamu zote mbili zikaanguka kwenye vumbi. Matofali yalipomshinda kwa nyundo aliyang'oa kwa kucha. Mgambo Zakaria, shujaa wa Uganda, alisimama mbali ameikumbatia bunduki, anasema Baba Yetu na kuikosea. Mama Deo akakimbilia kwa jirani yule niliyewaambia, akarudi na kibuyu cha pombe ya ndizi, akamwaga kizingitini huku anaomba radhi kwa niaba ya watu wenye elimu.

Mzee akasogea. Kabla ya kuingia aliniinamia pale nilipofungwa. "Wewe hawakukupakia," akasema. "Afadhali. Nisingekuwa na wa kunipokea." Mkono wake ulipita kichwani mwangu, baridi, mwepesi, na mkia ukacheza wenyewe. Kisha akaingia kwake. Akaenda palipokuwa na meko yake, akaigusa saruji kwa kidole cha mguu, akaguna, akakaa.

Yalivyo leo ni hivi. Nyumba ina milango miwili, na ule wa migombani haufungwi, hata mvua ipige. Macho ya Teofili hayakupona. Huko Bukoba wanasema husimama katikati ya kazi kumpisha mtu asiyeonekana, na akipita penye benchi tupu huamkia. Wenzake walikuja Krismasi moja tu. Yeye hajakosa hata likizo moja. Hukaa upande wa migomba, ameipa mgongo barabara, na majirani wakipita wanamsikia anasimulia habari za ofisi, ananyamaza, anacheka, anaendelea.

Sasa nakuonya wewe uliyenisikiliza. Nyumba ya baba yako karabati, sikukatazi, weka hata bati. Lakini usiharakishe kusema mwenyewe hayupo, maana wako walioondolewa makwao wakaahidi kurudi, na ahadi ya mzee haifi naye. Ukimwona mbwa wako jioni anabwekea ukuta, usiite bunduki. Kuna mtu nje, amechoka, na anakuita kwa jina.