Nondo wa Vituta vya Bibi Skola

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, ingawa siapi kwamba naikumbuka sawasawa. Niliishia darasa la nne na kalamu yangu huteleza. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, huku kwetu Mpui, mvua za kwanza zimeshanyesha. Majani ya maharage ya shamba la kijiji yalikuwa yanatobolewa, na kamati ikanituma mimi, kwa kuwa nilijua kuandika, nitafute chanzo.

Nikaenda bustani ya Bibi Skola, mjane jirani yetu. Alilima kwa vituta vya mviringo, nyasi zimefukiwa ndani zioze, kama Wafipa walivyolima tangu zamani. Vipepeo walijaa pale, weupe na wa manjano, hata macho hayakujua yatue wapi. Nikafukua kituta cha viazi vitamu, nikakuta kitu cha kahawia, kinene kama kidole gumba, chenye kishikio kama cha birika. Kikatikisa mkia. Basi! Nikaiambia kamati wadudu wanazaliwa kwa Bibi Skola. Ikaamuliwa Jumapili, baada ya misa, vituta vyake vyote vifumuliwe na kuchomwa.

Bibi akaniita. Nikamwamkia, akaitikia, akacheka.

"Karibu, bwana shamba. Umemwona mdudu wangu akila harage?"

"Sijamwona, bibi."

"Basi uliota."

Wala hakunifukuza. Alikitia kile kitu kwenye chungu chenye udongo, akaniambia nipite kila jioni. Jioni ya tatu kikapasuka mbele yetu. Akatoka nondo aliyekunjamana kama karatasi iliyolowa, akapanda ukingo wa chungu, na mabawa yakajinyoosha taratibu, ya kijivu. Ubavuni mistari ya waridi. Kesho yake, jua likizama, tulimwona kwenye maua ya tumbaku ya bibi (kama ni yeye au mwenzake, sijui) amesimama hewani, ulimi mrefu kuliko mwili wake, anakunywa bila kutua. Nilisahau kufunga mdomo.

"Watoto wake wanakula majani ya viazi, sikatai," bibi akasema. "Lakini viazi viko chini. Tunagawana."

Asubuhi nikaenda kuyainamia maharage, jambo nililopaswa kuanza nalo. Waliotoboa walikuwa vidudu vyeusi vidogo vyenye mistari ya njano. Kiwavi hata mmoja sikumwona.

Jumapili majembe yalikuwa mabegani tayari. Nikasimama mbele ya watu. "Nilisema nisilolijua. Wadudu ni wengine."

"Na kesho utatuletea lipi?" mwenyekiti akauliza. Watu wakaangua kicheko. Mmoja akaniita Bwana Kipepeo, jina lililoniganda mpaka nilipooa. Lakini majembe yakashushwa. Sikuwa shujaa, mwanangu. Bibi angekuwa mkali, pengine ningenyamaza.

Usilolijua ni usiku wa kiza. Kabla hujamsema mtu, kaa utazame mpaka uone. Ukikosea, irudishe kauli yako palepale ulipoitoa, mbele ya walewale walioisikia, hata wakikucheka. Mungu akujalie macho yasiyochoka kustaajabu, na ulimi usioona haya kusema nimekosa.