Taya la Mpiga Tarumbeta

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu nikaambiwa kwamba mpiga tarumbeta wa fanfari ya mtaa wetu, hapa Naviundu, amefariki. Wasomaji wangu wa Lubumbashi hawana haja ya kuelezwa fanfari ni nini. Kwa wanaonisoma kutoka mbali: ni wale wapiga ngoma na vyombo vya kupuliza wanaotangulia mbele ya jeneza, na kwetu kilio kisicho na fanfari huonekana kilio cha mtu asiye na ndugu. Bwana huyu alitupulizia tarumbeta tangu ujana wake. Hakuwa rafiki yangu wa ndani. Tulisalimiana baada ya misa, tukataniana kuhusu mpira, naye hakukosa kunicheka kila timu yangu ilipofungwa. Nimeambiwa amekufa kwa kutokwa damu tumboni, na sina sababu ya kumbishia daktari aliyesema hivyo. Ila mimi najua habari hii ilianzia kwenye taya, na leo naandika nikiwa na hasira wala siombi radhi.

Alianza kusikia maumivu karibu na sikio. Akifungua mdomo, kitu kinalia pembeni ya uso. Akiamka asubuhi, mashavu yamekaza kama mtu aliyetafuna mahindi makavu usiku kucha. Sasa kwetu kila kinachouma mdomoni ni jino, na dawa ya jino ni kulitoa. Akaenda kwa fundi mmoja wa meno nyuma ya soko, mtu asiye na shule yoyote ya kazi ile, ambaye alichungulia, akachagua gego na kuling'oa. Maumivu yakabaki palepale. Aliporudi kulalamika, yule fundi hakuona aibu hata kidogo, akang'oa la jirani yake. Nilimkuta njiani shavu limevimba, nikamuuliza kama amepona. "Bado," akanijibu. "Anasema labda tutoshe na ingine." Kwetu kutosha ni kung'oa. Aliyasema hayo bila kucheka, yeye ambaye hata msibani alikuwa haishiwi utani. Mfukoni alikuwa na kimfuko cha nailoni chenye vidonge vya rangi mbalimbali, visivyo na majina, alivyouziwa kimoja kimoja kama pipi, akavimeza kila taya lilipomkera, mara nyingi bila kula, maana kutafuna kwenyewe kulikuwa adhabu.

Mkewe ndiye aliyemlazimisha kwenda kwa daktari wa kweli wa meno, mjini, na kwa kuwa naifahamu kliniki hiyo niliwasindikiza. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Hakushika koleo. Aliweka vidole vyake mbele ya masikio ya mgonjwa, akamwambia afungue mdomo polepole, kisha afunge.

"Papa, weka kidole yako hapa. Unasikia vile inasogea?"

"Nasikia, docteur. Inalia."

"Hapa njo kwenye mufupa ya taya inaungana na kichwa. Hapa njo panauma. Haiko meno. Ile mbili balitosha, haikukuwa na kintu."

Mzee akalipapasa shavu lake lenye mapengo. Mkewe aligeuza uso kuelekea dirishani. Daktari akaeleza kwamba anasaga meno usingizini, na kwamba kupuliza tarumbeta siku nzima kunalichosha zaidi lile ungio. Akamtengenezea kifuniko cha plastiki cha kuvaa kwenye meno wakati wa kulala, akamwonyesha namna ya kulinyoosha taya taratibu na kulikanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Ale vitu laini, asipige miayo mikubwa, na vile vidonge avitupe kwa sababu vitamtoboa tumbo. Zaidi ya yote, tarumbeta ipumzike mpaka amwambie.

Na alikuwa anapona. Hilo ndilo linaloniuma. Nilimwona akila bukari, ugali wetu, na mchicha wa lenga-lenga kwa raha, akinisimulia mpira mdomo umefunguka vizuri. Kisha akafa mstaafu mmoja wa reli, mtu wa heshima katika mtaa, na mkubwa wa fanfari akaja kumchukua mpiga tarumbeta wetu. Nilikuwepo pale uani.

"Yaya, docteur alinikataza," mzee akamwambia, akimwita kaka kwa heshima. "Taya haiyapona."

"Taya gani? Nakuona unasema muzuri. Ukikosa pa kilio, bantu batasema nini? Batasema weye njo unajua kenye kilimuua."

Hapo mjadala ukaisha, kwa sababu sisi sote tunajua uzito wa maneno hayo: ni kuitwa mchawi. Kwetu asiyeonekana msibani hana ugonjwa; ana siri. Hatumuulizi kama ana homa, tunaanza kuhesabu tangu lini hakusalimiana na marehemu. Basi mzee akaenda. Alipuliza mpaka mazishi, na ili aweze kupuliza akarudia vidonge vyake vya nailoni. Wiki hiyohiyo alianza kutapika damu.

Nawakasirikia wengi. Namkasirikia fundi aliyeuza uongo kwa koleo, na muuza vidonge asiyejua anachouza, na wenye mamlaka wanaopita mbele ya vibanda hivyo kila siku bila kugeuza shingo. Lakini hasira kubwa ni juu yetu sisi majirani. Mguu ukivunjika tunaona bandeji, tunampa mtu kiti. Taya halina bandeji. Mtu anaongea, anatabasamu, basi ni mzima, aje afanye kazi. Tunasema tunamheshimu fundi wetu wa tarumbeta, kumbe heshima yetu ni kumtumia mpaka aishe, halafu tukutane kumlilia na kusifu jinsi alivyokuwa hachoki. Alichoka. Alitwambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba amechoka.

Juzi, siku ya mazishi yake, fanfari ilifika na sare zake zote, ngoma mbele. Mjane alitoka akasimama langoni.

"Merci ya kuya," akawashukuru kwa kuja. "Lakini hapa hamutapiga. Aliwaomba apumuzike, mukakatala. Leo mumuache apumuzike."

Watu walinung'unika. Mpiga fanfari azikwe bila fanfari, haijaonekana. Mkubwa wao alitaka kusema neno, akamtazama yule mama, akaishusha ngoma. Tukamzika kwa sala na nyimbo za mdomo tu, na nilimwona mwanamke yule akitembea nyuma ya jeneza bila kuinamisha kichwa.

Nami funzo nililorudi nalo kutoka makaburini ni dogo, nawaachia. Jirani akikosekana kwenye kilio, kabla ya kuuliza ana nini na marehemu, nendeni mumuulize kinachomuuma. Na akiwaambia ni taya, mwaminini.