Kiingereza Changu cha Jikoni

Ni ule mwaka mahindi yalikauka shambani, tukala ndizi za kuchemsha asubuhi na jioni mpaka paka naye akazizoea. Mjukuu wangu Wawira, mwalimu, niliyemlea tangu tumzike mama yake, alinifundisha neno la Kiingereza jikoni: "take". Take chai, take dawa, take picha, take pikipiki. Neno moja, kazi zote, kama panga langu. Nikajiona nimemaliza shule.

Basi wakwe wakaja kutoka Muthara kumposa. Kimeru chao kinanishinda, Kiswahili chao ni cha kubahatisha, kwa hivyo baba mdogo wa kijana akashika Kiingereza. Wawira akaninong'oneza nyanya yake, "Cucu, nikutafsirie?"

"Sitaki mkalimani kwa nyumba yangu," nikasema, wote wakasikia.

Na nilikuwa nimeapa: wakitaka kumpeleka mbali, nakataa. Huyo baba mdogo akaongea kirefu. Nikashika "take" moja tu, maneno mengine yote yakapita kama upepo. Ningeuliza? Na kiburi hiki? Nikasema, "Yes, take!" kisha nikajitemea mate kifuani, baraka ya wazee wetu, ambayo ikitoka hairudi. Vigelegele vikapigwa.

Wawira akanikumbatia akilia. "Asante, Cucu! Sikudhani utakubali tukaishi Mombasa."

Mombasa! Nikaweka kikombe hewani badala ya mezani, chai ikamwagika. Akaniangalia, akajua.

"Cucu, hukuelewa. Niwaambie?"

Nikatazama huo uso. Furaha kama hiyo sikuwa nimeiona hapo tangu yale mazishi.

"Sitaki mkalimani kwa nyumba yangu."